Kijana katengeneza gari: swali ambalo magazeti hayaulizi

Kuna habari moja ambayo vyombo vyetu vya habari huichapa kila baada ya miezi michache, na mimi kama mwandishi nimeizoea kiasi kwamba naweza kuiandika nikiwa usingizini. Kijana, mara nyingi wa darasa la saba au kidato cha nne, katengeneza gari nyuma ya nyumba yao kwa vyuma chakavu. Picha ya kwanza ameketi ndani, kashika usukani. Picha ya pili majirani wamelizunguka. Aya ya tatu inataja fedha alizotumia. Aya ya tano anaiomba serikali imwezeshe. Aya ya mwisho mama mzazi anasema tangu utoto mwanawe alikuwa mtu wa magari ya mabati. Kwisha habari.

Kijana sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wangu ni sisi tulioshika kalamu. Tunauliza limegharimu kiasi gani, linakimbia kilomita ngapi kwa saa, wazo ulilipata wapi. Sijawahi kusoma hata habari moja ya aina hiyo iliyouliza: fremu yake umeijenga kwa chuma gani, na nani kaipima? Halafu tunamshangilia kijana, anapanda mwenyewe na mdogo wake kiti cha pembeni, anaingia barabarani. Ndugu msomaji, gari lisilo na fremu ya maana ni jeneza lenye injini, na sisi tunalipigia makofi.

Nasema haya kwa sababu kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikienda kumtazama jamaa mmoja wa mtaani kwetu anayejenga gari la mbio uani kwao. Gari la kwenda sokoni hataki. Anataka gari la kukimbizana na saa kwenye uwanja uliofungwa, jepesi, la viti 2, lisilo na milango wala redio. Injini, gia boksi na difu vimetoka kwenye Toyota Altezza iliyogongwa ubavuni, gari ambalo kwa bahati nzuri huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo injini imekaa kwa urefu kama anavyotaka. Vitu hivyo alivipata kwa wiki 2. Miezi yote iliyobaki ameimaliza kwenye kitu ambacho hata mpiga picha wetu hakukijali alipokuja: mabomba.

Hebu tuelewane kwanza fremu ya mabomba ni nini, maana wengi tukisikia chasisi tunafikiria zile mbavu 2 nene za lori, na bodi imewekwa juu yake. Fremu ya mabomba haina mbavu. Ni mabomba mengi membamba yaliyounganishwa kwa pembetatu, kila moja likiwa ama linavutwa ama linasukumwa kwa urefu wake, na lisipinde. Kama unataka kuiona bila kwenda gereji, inua macho utazame kenchi za paa la nyumba yenu. Fundi seremala hakwenda chuo kikuu lakini anajua kuwa mbao 4 zilizopigiliwa mraba zitalala upande upepo ukija, na kwamba mbao moja ya mshazari inamaliza kazi. Kitanda kinachoyumba ni hivyohivyo. Geti la mbao lisilo na mshazari linaning'inia baada ya mwaka mmoja. Gari nalo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba linakunjwa na kona na mashimo kila sekunde, na ndani yake kuna mtu.

Kanuni ya pili haionekani kwa macho, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mikono ya magurudumu lazima ishike pale mabomba yanapokutana. Ukichomelea kishikio katikati ya bomba, kila shimo unalopita linalipinda bomba kama upinde, na siku moja linakatika. Jamaa yangu alinionyesha picha aliyopiga kwenye gari moja la kujitengenezea, rangi inang'aa, limebandikwa stika mpaka basi, na kishikio cha gurudumu la mbele kimekaa katikati ya skwea paipu kama ndege juu ya waya wa umeme. Gari hilo lilitoka gazetini. Sisemi gazeti gani.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Duka la vyuma la kwetu lina mabomba ya aina nyingi, na la rahisi kuliko yote kwa mjenzi wa nyumbani ni bomba la maji. Liko kila mahali, fundi analifahamu, na kwa macho ni nene. Watu wanalitumia mpaka kwenye kizimba cha kumlinda dereva gari likibiringika, na hapo mimi napandisha sauti. Kwanza, bomba la maji hupimwa kwa tundu lake, tena kwa jina tu: ukiomba la inchi moja na nusu, kipimo cha nje ni milimita 48.3, kwa hiyo anayesema kizimba chake ni cha inchi moja na nusu hajakwambia kitu. Bomba la kujengea fremu hutajwa kwa kipimo cha nje na unene wa ukuta. Pili, bomba la maji limetengenezwa lizuie maji yasivuje. Aliyelitengeneza hakuahidi mtu yeyote kwamba litahimili gari la kilo 600 lililogeuka kichwa chini.

Tatu, lile lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe, na fundi aliyeuvuta mchana kutwa, usiku anashikwa na homa, baridi na kutetemeka, anadhani ni malaria. Mafundi wetu wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Jamani, maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu. Dawa ni kuisaga zinki yote pale unapotaka kuchomelea, ukiwa umevaa barakoa ya maana mahali penye hewa. Nafuu zaidi ni kutotumia bomba hilo kabisa.

Shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, halikuacha jambo hili kwa busara ya mtu. Kanuni zake, Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka kizimba cha bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye nguvu ya mvuto isiyopungua niutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Tao kuu, lile la nyuma ya kichwa cha dereva, liwe la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine yaweza kuwa 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Na bomba likunjwe likiwa baridi, nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba.

Isome tena hiyo sentensi ya mwisho halafu ukumbuke namna tunavyokunja mabomba mitaani: tunajaza mchanga, tunawasha moto, tunalivuta kwenye kisiki mpaka liitikie. Kwa kitanda cha hospitali sawa. Kwa tao linalokaa sentimita chache juu ya fuvu la mtu, bomba lililokunjwa hivyo limebonyea upande wa ndani, limekonda upande wa nje, na moto umeibadilisha hulka ya chuma pale palepale penye kazi kubwa. Jamaa yangu alitafuta mashine ya kukunjia kwa miezi mitatu. Watu wa mtaani walimcheka kuwa anajivunga. Mimi nilimwona ndiye mtu pekee mwenye akili uani pale, pamoja na kuku.

Uzito nao si kisingizio. Bomba la 45 kwa 2.5 lina kilo 2.6 hivi kwa mita. Skwea paipu ya milimita 25 yenye unene wa 1.5, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya fremu yake ya chini, ni kilo 1.1 kwa mita, yaani mita 50 nzima hazifiki kilo 60. Mtu anayeogopa kuongeza mishazari 4 kwa sababu ya uzito angeanza kwa kuacha zile rimu kubwa za mapambo. Na ukitaka ukaidi dhidi ya kupinda, unene wa ukuta siyo mahali pa kwanza pa kutazama: kipenyo kikiwa maradufu na ukuta ukabaki uleule, uzito unakuwa maradufu, lakini ukaidi unapanda takriban mara 8. Ndiyo maana mfupa wa paja una uwazi katikati.

Kuchomelea. Hapa nitagusa pabaya, najua mafundi wengi wananisoma. Fundi wetu wa mageti na madirisha ni hodari, lakini kazi yake imemfundisha tabia 2 ambazo kwenye fremu ya gari ni sumu. Ya kwanza ni kusaga mshono kwa grenda mpaka uwe laini kama kioo, kisha kupaka pati na rangi. Geti linapendeza. Lakini kile ulichokisaga ndicho kilichokuwa kinashikilia. Mshono wa fremu uachwe ulivyo, uonekane, mtu aukague. Ya pili ni kumaliza kiungo kimoja kabisa ndipo uende kingine. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinavuta, na ukianza upande mmoja ukaumaliza, fremu nzima inajikunja kama ndizi. Unashikiza kwanza kwa vidoti kila mahali, ukiwa umeibana juu ya meza bapa, unapima mishazari, ndipo unachomelea kidogo upande huu, kidogo upande wa pili, unapumzika, unapima tena. Na chuma cha 1.5 kwa vijiti vya kawaida kinatoboka fundi akizubaa, kwa hiyo mashine ya waya na gesi, ile wanayoiita MIG, ina faida kubwa.

Kupima pembe mraba wala si elimu ya Ulaya. Kila fundi ujenzi hapa anajua 3, 4, 5. Meza ya jamaa yangu ni mbao nene alizozilaza kwa kutumia mpira wa maji, uleule unaotumika kusawazisha msingi wa nyumba. Nilipomuuliza kwa nini asingenunua kipimo cha leza aliniangalia akasema, "Mwandishi, maji hayaishiwi betri."

Watu wataniambia: unawakatisha tamaa vijana, wewe unataka waanze na kanuni za FIA wakati hata kodi ya chumba hawana. Nalijibu hilo kwa kurudi nyuma kidogo, maana mchezo huu wa kujenga gari nyumbani ulikomaa Uingereza, na ulianzishwa na vijana wasio na fedha.

Mwaka 1948 Colin Chapman, mwanafunzi wa uhandisi London, alijenga gari lake la kwanza kutokana na Austin Seven ya zamani, katika gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel. Mwaka 1952 akaanzisha kampuni, na Lotus Mark VI ikawa ya kwanza kuwa na fremu ya mabomba aliyoibuni mwenyewe. Lotus Seven ilifuata mwaka 1957, na iliuzwa pia vipandevipande ili mnunuzi aikusanye nyumbani na kukwepa kodi ya mauzo iliyotozwa gari lililokamilika. Husimuliwa kuwa sheria ilikataza kuweka maelezo ya kuunganisha, basi Lotus wakaweka maelezo ya kufungua, mnunuzi ayasome kinyumenyume. Ujanja huo nadhani ungeeleweka vizuri sana Kariakoo. Mwaka 1973 haki za gari hilo zikaenda Caterham, na fremu ya namna ileile bado inatengenezwa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya baadaye. Mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu kupitia Haynes kilichoahidi kumwonyesha mtu namna ya kujenga gari la michezo kwa pauni 250. Mradi wake ulianzia kwa wanafunzi wa shule, Oundle School. Fremu ya skwea paipu, injini na mitambo kutoka Ford Escort kuukuu, kazi ya gereji ya nyumbani. Hiyo pauni 250 ilikuwa ya kuvutia wateja zaidi kuliko hesabu ya kweli, tusidanganyane. Lakini kitabu kiliweka vipimo mezani: kila bomba na urefu wake, kila pembe. Mtu akikosea, alijua amekosea wapi. Klabu ya 750 Motor Club, iliyokuwepo tangu 1939, ikawaundia mashindano yao, kwa hiyo kukawa na uwanja, kukawa na wakaguzi, kukawa na kanuni ya kizimba. Na anayetaka kuingia barabarani, gari lake hilo mojamoja hukaguliwa na serikali, utaratibu ambao tangu 2009 unaitwa IVA. Mkaguzi hakuulizi umesoma wapi. Anakagua breki, usukani, mikanda, hata ncha kali zinazoweza kumkata mpita njia.

Umeona tofauti? Wale hawakuwa na vijana werevu kuliko wa kwetu. Walikuwa na vipimo vilivyochapishwa, mahali pa kukimbiza gari, na mtu wa kulikataa.

Sisi huku tumejaribu mambo makubwa. Tulikuwa na Nyumbu kule Kibaha miaka ya 1980. Wenzetu Kenya, Rais Moi aliwaagiza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 watengeneze gari, likaonyeshwa mwaka 1990, Nyayo, halikufika sokoni. Kila mara tunaanzia kwenye kiwanda na bendera. Huyu wa uani anayejenga gari moja hatumpi kitu isipokuwa kichwa cha habari. Na hao hao Wakenya wana jambo dogo ambalo naliona la maana kuliko Nyayo: mbio zao za autokrosi, ambamo bagi za fremu za mabomba zinashindana vumbini, na mpaka watoto wana daraja lao. Penye mashindano pana ukaguzi, na penye ukaguzi mafundi wanajifunza haraka bila semina.

Mimi ningeanzia VETA. Wanafundisha uchomeleaji, wanafundisha umakanika, na mwanafunzi anapimwa kwa kuchomelea vipande vya chuma ambavyo baadaye vinatupwa. Kwa nini darasa zima lisijenge fremu moja kwa mwaka, kwa vipimo vilivyochapishwa kwa Kiswahili, ikapimwa mbele ya watu? Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Unaifunga fremu nyuma isisogee, mbele unaiegemeza juu ya nukta moja katikati, unafunga boriti la kutoka mita moja upande, unaning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50. Hapo umeisokota fremu kwa niutoni mita 490. Ukitazama upana wa sentimita 60 pale mbele, kila milimita 5 ya tofauti kati ya kulia na kushoto ni takriban nusu digrii. Gawanya, umepata ukaidi wa fremu yako. Mfuko wa saruji na rula, ndugu zangu. Mwandishi wa habari naye anaweza kusimama pale akaandika namba yenye maana, badala ya kunakili "kilomita 180 kwa saa" aliyoisoma kwenye dashibodi iliyotolewa gari jingine.

Kuna onyo moja dogo la mwisho kwa wanaopenda vizimba kwa ajili ya kupendeza mjini. Kizimba kimetengenezwa kwa mtu aliyevaa helmeti na kufungwa mkanda wa ncha nyingi. Ukiendesha mtaani kichwa wazi, na mkanda wa kawaida, lile bomba pembeni mwa kichwa chako ndilo litakalokuvunja fuvu kwenye ajali ndogo ambayo bila kizimba ungetoka na uvimbe.

Jamaa yangu alifanya kipimo cha saruji wiki iliyopita. Mara ya kwanza fremu ilisokotwa milimita 8, akakunja uso, hakusema neno. Akachora kwa chaki mshazari juu ya sehemu ya injini, ambako alikuwa ameacha mraba mtupu ili injini itoke kwa urahisi, akakata bomba, akalifunga kwa bolti ili liweze kutolewa. Mara ya pili, 5. Anataka kushuka zaidi, sasa anaangalia sakafu na njia ya propela shafti.

Nilipeleka habari hii chumba cha habari. Swali la kwanza la mhariri lilikuwa linakimbia kiasi gani. La pili, picha ya kijana ameketi ndani iko wapi. Picha hiyo haipo. Nilimwomba akae, akakataa, akasema hakai ndani ya kitu ambacho mikanda yake bado iko kwenye boksi. Basi habari imewekwa pembeni mpaka mikanda ifungwe.